Jani Juu ya Maji: Uzazi wa Vyura wa Miti, Kutoka Gwata hadi Msitu wa Ruvu Kusini

 

Hapa Gwata, na katika ukanda huu wetu wote wa Pwani, mvua za vuli zikinyesha mara mbili tatu mfululizo, madimbwi yaliyokuwa yamepasuka kwa ukavu hujaa, na vyura huanza usiku huohuo. Sauti hiyo tunaijua sote. Waliowahi kuchukua tochi wakaenda kuangalia kinachofanyika huko ni wachache, na siwalaumu wasiokwenda: kuna nyoka, kuna mbu, na kuna shamba la kuamkia kesho. Lakini anayekwenda, akamulika juu ya maji badala ya ndani ya maji, kwenye matawi yanayoinamia dimbwi, huenda akakuta bonge jeupe la povu, kubwa kuliko ngumi ya mtu mzima, limeng'ang'ania tawini. Mpita njia wa asubuhi atadhani ni kazi ya mdudu. Ni kazi ya chura, na humo ndani mna mayai mamia kwa mamia.

Nimeitwa niseme juu ya vyura wa miti na namna wanavyozaa. Nitazunguka kidogo, nitafika Amani na Arabuko-Sokoke, lakini hoja yangu ni moja. Msitu peke yake haumtoshi chura wa miti, na dimbwi peke yake halimtoshi. Anahitaji ule ukingo ambapo jani linaning'inia juu ya maji. Ukibakiza mti ukafukia dimbwi, umemnyima uzazi. Ukibakiza dimbwi ukafyeka ukingo wake, umemnyima vilevile, hata kama maji yamejaa pomoni na kijiji kizima kinayaona.

Kwanza tujiulize kwa nini chura aondoke majini. Shuleni tulifundishwa mzunguko mmoja: yai majini, kiluwiluwi majini, miguu inaota, mkia unapotea, chura anatoka nchi kavu. Somo hilo ni sahihi kwa vyura wengi. Ila maji ni mahali pa hatari kwa yai la chura, ambalo halina ganda wala haliwezi kukimbia. Samaki hulila. Wadudu wa majini hulila. Viluwiluwi wakubwa nao hawalionei huruma. Dimbwi la msimu lina nafuu moja, kwamba kwa kuwa hukauka kila mwaka, aghalabu halina samaki. Lakini nafuu hiyo inalipiwa, maana maji yanaweza kuisha kabla kiluwiluwi hajaota miguu. Basi mama chura anakabiliwa na mlaji upande huu na jua upande ule, na akimkwepa mmoja anamsogelea mwingine. Yai likikaa majini huliwa, likikaa nje hukauka. Vyura wa Afrika Mashariki wamelijibu tatizo hili kwa njia kadhaa, na nyingi kati ya hizo zipo katika misitu ya pwani kama hii yetu.

Huyo wa povu kitaalamu anaitwa Chiromantis xerampelina. Mjerumani Wilhelm Peters ndiye aliyemwingiza katika maandishi ya sayansi mwaka 1854, kwa vielelezo alivyovipata Tete na Sena, Msumbiji. Anaishi kuanzia pwani ya Kenya, kupitia huku kwetu, hadi Afrika Kusini. Rangi yake ni kijivu au kahawia, na vidole vyake vya mbele vimegawanyika viwili kwa viwili vikitazamana, kwa hiyo hukamata kijiti barabara. Mchana hukaa juu ya tawi juani, mahali ambapo chura mwingine angekufa kabla ya adhuhuri, na ngozi yake hugeuka kuwa nyeupe ili kurudisha mwanga. Anayaweza hayo kwa sababu ngozi hiyo hupoteza maji kidogo mno, na kwa sababu ya mkojo wake. Mwaka 1970 mtafiti J. P. Loveridge, akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, alionyesha kwamba chura huyu hatoi taka za mwili kwa njia ya urea kama vyura wengi. Hutoa asidi ya uriki, kama wafanyavyo ndege na mijusi, nayo haihitaji maji mengi kuisukuma nje. Mtanisamehe kuanza na habari za mkojo mbele ya wazee. Ila bila mkojo huo tusingelipata povu. Chura huyu huweza kungoja mvua katika joto ambalo lingewafukuza wenzake, na dimbwi likijaa yeye yupo hapohapo.

Usiku wa mvua madume hutangulia. Hukaa kwenye matawi yaliyoelekea majini, wakitoa sauti za chini za kukwaruza, zisizo na utamu wowote. Jike huja amejaa mayai, na kabla ya kuanza kazi hushuka majini. Chura hanywi kwa mdomo. Hunywa kwa ngozi ya tumbo, na maji hayo huyatunza kibofuni. Akishapanda tena tawini, dume mmoja humkumbatia kwa nyuma. Jike hutoa ute kutoka katika njia yake ya mayai na kuuchapa kwa miguu ya nyuma, kulia kushoto, kulia kushoto, kama mpishi anayepiga ute wa mayai kwa uma, mpaka uumuke. Mayai hutoka yakiingia humohumo ndani ya povu. Kazi hii ni ya saa nyingi, na maji ya kibofu huisha kabla ya mayai kuisha. Basi jike huliacha povu, hushuka majini, hujaza tena kibofu, hurudi kuendelea. Katika kushuka na kupanda huko, dume aliyekuwa mgongoni anaweza kupoteza nafasi yake kwa mwingine.

Hapa ndipo habari ya chura huyu inapopita mazoea. Madume waliokosa nafasi mgongoni hawaondoki. Hujibanza kandokando ya jike na dume wake, wakigeuza viuno vyao kuelekea pale mayai yanapotokea, nao huchapa povu kwa miguu na kutia mbegu zao humo. Kwa muda mrefu wanasayansi walikuwa wakijiuliza kama hao wa pembeni wanapata chochote au wanasumbua tu. Mwaka 1993 Michael Jennions na Neville Passmore, huko Afrika Kusini, walichapisha jaribio lililomaliza ubishi. Walihakikisha kwamba dume aliyemkumbatia jike hawezi kurutubisha mayai, kisha wakaacha madume wa pembeni wafanye yao. Mayai yakarutubika. Na hata bila jaribio, mwili wenyewe ulikuwa umeshatoa ushahidi: korodani za dume wa aina hii ni kubwa mno kwa kulinganisha na umbo lake, jambo linaloonekana kwa wanyama wengi ambao mbegu za dume mmoja hushindana na za mwingine ndani ya uzazi uleule.

Phillip Byrne na Martin Whiting waliendeleza kazi hiyo, nao wakaeleza kwamba majike walio wengi katika sehemu walizozichunguza hujamiiana na madume kumi au zaidi kwa mpigo. Katika chapisho lao la mwaka 2008 walionyesha kwamba wingi huo wa madume huongeza idadi ya mayai yanayorutubika. Katika la mwaka 2011 wakaonyesha kwamba watoto wa jike mwenye madume wengi huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko watoto wa jike aliyewekwa na dume mmoja tu.

Najua mtakavyomsema jike huyu mkitoka hapa. Lakini tazameni hali yake. Anaweka mamia ya mayai mahali pamoja, usiku mmoja, juu ya dimbwi ambalo hajui litadumu wiki ngapi. Akimtegemea dume mmoja ambaye mbegu zake ni dhaifu, au zisizopatana na mayai yake, amepoteza vyote. Akiwachanganya kumi, baadhi ya watoto watakuwa wa baba anayefaa. Mkulima anayepanda mihogo na mahindi katika shamba moja kwa kuhofia mvua ataielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Povu likishakamilika, ganda la nje hukauka na kuwa gumu kidogo, huku ndani pakibaki na unyevu. Usiku unaofuata jike huweza kurudi, safari hii bila mayai, kuongeza povu juu ya lile la kwanza. Hewa nayo haikosekani. Roger Seymour na huyohuyo Loveridge walipima upumuaji wa mayai na viluwiluwi ndani ya viota hivi, wakachapisha mwaka 1994. Walikuta kwamba vile viputo vya hewa vilivyonaswa wakati wa kuchapa ndivyo vinavyoyapa mayai oksijeni. Kwa hiyo zile saa za kupiga miguu ni za ujenzi wa nyumba na wa hewa ya kupumua humo. Mayai huanguliwa ndani ya povu, na baada ya siku tano au sita hivi tangu kutagwa, sehemu ya chini hulainika, na viluwiluwi hudondoka mmoja mmoja majini, wakiwa tayari wana mkia wa kuogelea.

Hudondoka majini, ikiwa chini pana maji. Tawi la mti uliosimama hatua tano kutoka ukingoni, hata uwe mzuri namna gani, halina faida kwa kiumbe huyu. Kiluwiluwi akiangukia udongo mkavu, habari yake imekwisha.

Tuwageukie vyura wa matete, jamii ya Hyperolius, ambao ndio wenye sehemu kubwa ya zile kelele za usiku. Ni wadogo, wengi hawafiki sentimita nne, na wana rangi za kila namna, kijani, manjano, hata wenye mistari na madoa. Dume hupiga kelele akiwa kwenye tete au ukoka uliosimama majini, na kelele hiyo humla nguvu nyingi, maana anapoimba hali chakula. Uchunguzi wa Afrika Kusini juu ya jamaa yao, Hyperolius marmoratus, umeonyesha kwamba dume anayehudhuria dimbwi usiku mwingi zaidi ndiye apataye majike wengi zaidi. Mwenye sauti nzuri aliyekuja siku moja akapotea hapati alichopata yule aliyevumilia. Jike akishachagua, wengi wa jamii hii hubandika mayai kwenye jani lililo juu kidogo ya maji, yakiwa ndani ya utelezi mwangavu. Hyperolius tuberilinguis, mmojawapo wa vyura wa matete wa pwani yetu, hufanya hivyo. Hapana povu, hapana ganda. Kuna jani, utelezi na unyevunyevu wa usiku.

Jirani yao ni Afrixalus fornasini, mwenye mstari mpana wa kahawia mgongoni kati ya mistari miwili ya rangi ya fedha. Yeye hutaga kwenye jani, kisha hulikunja na kugandisha kingo zake ili mayai yafichike ndani. Mwenye tahadhari hivi ungemdhania mpole. Mwaka 1996 Robert Drewes na Ronald Altig walichapisha walichokiona katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kule Kilifi, Kenya: chura huyohuyo hula mayai ya vyura wengine. Huenda usiku kwenye majani ya wenzake, hukuta mayai yamening'inia pasipo mlinzi, na hula. Kuyatoa mayai majini kumeyaokoa na samaki, halafu kukayakabidhi kwa jirani.

Hapo inakuja hadithi ya Amani, kule Muheza, ambayo kwangu mimi ndiyo nzuri kuliko zote. Mtafiti James Vonesh alifanya kazi kwenye mabwawa ya Amani, katika Usambara Mashariki, akimchunguza chura wa matete aliyejulikana wakati huo kwa jina la Hyperolius spinigularis. Mayai yake hukaa kwenye majani juu ya maji, na maadui wake huko juu ni wawili wakubwa: huyo Afrixalus, na funza wa nzi mmoja mdogo ambao huingia kwenye utelezi na kuyala mayai kutoka ndani. Katika chapisho la mwaka 2005 Vonesh alionyesha kwamba mayai yaliyovamiwa hayakai kungoja kifo. Huanguliwa kabla ya siku zao. Kiinitete ambacho kingekaa juu siku zaidi, kikihisi uvamizi, huvunja utando na kujidondosha majini kikiwa bado kidogo na dhaifu.

Udogo huo una hatari yake. Ndani ya maji kuna mabuu ya kereng'ende, wawindaji hodari, na kiluwiluwi mdogo ni tonge rahisi kwao. Mtu angetarajia basi kwamba wavamizi wa juu wakijumlishwa na wawindaji wa chini, hatabaki mtu. Vonesh na mwenzake Craig Osenberg walilipima hilo, wakachapisha mwaka 2003, na hesabu ikawatoka tofauti. Mayai yakiliwa mengi huko juu, viluwiluwi wanaofika majini ni wachache. Wakiwa wachache, chakula kinawatosha, hukua haraka, na hupita upesi ule umri ambao kereng'ende huwaweza. Waliosalia mwisho walikuwa wengi kuliko hesabu ya kawaida ilivyotabiri. Ninaipenda kazi hii kwa sababu inatuonya tusiangalie juu peke yake wala chini peke yake. Yaliyotokea kwenye jani usiku wa Jumatatu ndiyo yanayoamua nani atabaki dimbwini mwezi unaofuata.

Na sasa narudi nyumbani. Yule chura wa Amani amebadilishwa jina. Mwaka 2015 Simon Loader na wenzake walitenganisha vyura waliokuwa wakiitwa jina moja, na huyo wa Usambara Mashariki akawa Hyperolius burgessi. Yumo katika kundi dogo la vyura wa matete ambao madume wao wana vijiba vidogo mithili ya miiba kwenye ngozi ya koo. Ndugu zake wako Mulanje huko Malawi, Usambara Magharibi, Udzungwa, Rubeho, na milima ya Livingstone. Mwaka 2023 akaongezwa mwingine, Hyperolius ukaguruensis wa milima ya Ukaguru, na miongoni mwa waliomweleza alikuwamo John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukiisoma orodha hiyo unaona milima mitupu, mawingu na baridi.

Isipokuwa mmoja. Mwaka 2017 Christopher Barratt, Lucinda Lawson, Loader na wenzao walimtangaza Hyperolius ruvuensis, chura wa kundi hilohilo, na makao yake ni Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kusini. Ni msitu huu wa jirani yetu, wenye zaidi ya hekta 30,000, ambao watu wa Gwata wanaujua kwa kuni, kwa uyoga, kwa njia za mkato, na kwa mambo mengine ambayo si ya kutajwa mbele ya Afisa Misitu. Jamaa zake wote wamepanda milimani. Yeye amebaki tambarare, kwenye joto la Pwani. Hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani. Wanasayansi waliomtangaza walipendekeza papo hapo aingizwe katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, kwa kuwa eneo lake ni finyu na msitu unakatwa.

Kundi hili lina jambo moja la ajabu kuhusu uzazi: hawaimbi. Chura wa matete wa kawaida hujulikana kwa sauti. Jike husikiliza gizani, hutambua sauti ya aina yake, huifuata. Hawa wenye miiba kooni wako kimya. Inadhaniwa kwamba vile vijiba ndivyo vinavyofanya kazi ya sauti, kwamba jike humtambua dume wa aina yake kwa kumgusa. Jambo hilo lina maana kwetu hapa. Ukisimama ukingoni mwa dimbwi la Ruvu Kusini usiku wa mvua ukasikia kelele nyingi, kelele hizo haziwezi kukuambia kama huyu wetu yupo au hayupo. Wa kumpata lazima aingie matopeni na tochi, apekue jani kwa jani.

Nigusie haraka walioyajibu maswali yaleyale kwa njia nyingine, ili msidhani jani ndiyo dawa pekee. Leptopelis flavomaculatus, chura mkubwa wa miti mwenye macho ya kutokeza, huishi mtini lakini hufukia mayai ardhini karibu na maji, na viluwiluwi wake wembamba hujinyonganyonga mpaka dimbwini mvua ikilowesha udongo. Arthroleptis, wale vyura wadogo wa kwenye majani yaliyooza msituni, wameacha kabisa hatua ya kiluwiluwi: yai hufukiwa penye unyevu na chura mdogo hutoka mzima. Vyura wa Nectophrynoides wa milimani kwetu, akiwemo yule wa Kihansi, huzaa watoto hai. Na yupo Mertensophryne micranotis, chura mdogo wa nchi kavu aliyeelezwa na Arthur Loveridge mwaka 1925, ambaye hutaga katika maji yaliyotuama kwenye shimo la mti, kwenye gamba tupu la konokono, au kwenye kifuu cha nazi. Kiluwiluwi wake ana kizingo cha nyama kichwani kinachozunguka macho na pua. Watu wa Kisarawe, mnaotupa vifuu kila siku, msijione hamna mchango katika uzazi wa wanyamapori.

Turudi kwenye ukingo. Msitu wa Ruvu Kusini unazungumzwa kwa habari ya mkaa, na ni haki, maana Dar es Salaam ipo karibu na inapika kila siku. Gunia linatoka kwenye tanuru, linapanda baiskeli au bodaboda, linafika sokoni. Wakala wa Huduma za Misitu wanapambana na hilo, na upande wa Kisarawe tumeona Pugu na Kazimzumbwi zikiunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Sina la kuongeza juu ya mkaa ambalo hamjalisikia kwenye mikutano. Langu ni dogo, na halimo kwenye mabango. Dimbwi laweza kuharibika bila mti mkubwa hata mmoja kukatwa.

Linaharibikaje? Mtu anataka bustani ya mchicha karibu na maji, anafyeka matete ya upande mmoja. Mwingine anafyatua tofali, anachimba ukingo. Wa tatu anaogopa nyoka kwenye njia ya kuchotea maji, anachoma vichaka. Wa nne ana ng'ombe, nao wanakanyaga pande zote kwa sababu hakuna aliyewaonyesha mlango. Kila mmoja ana sababu ya maana, na hakuna aliyevunja sheria kubwa. Msimu unaofuata maji yapo, viota havipo. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, nao walisema kweli. Hawakutuambia kwamba kwato za ng'ombe huyo huweza kumnyamazisha chura.

Siwaombi mwache kunywesha mifugo wala kulima mchicha. Naomba tugawane ukingo. Lambo au dimbwi likiwa na upande mmoja wa kunyweshea, uliowekwa boma la miiba kuwaongoza ng'ombe, pande nyingine zinaweza kubaki na matete na vichaka vyake. Wafugaji hupata faida papo hapo, kwa sababu kingo zilizoshikwa na mizizi hazimomonyoki kuingia lamboni, na lambo halijai tope upesi. Anayehitaji kufyeka angoje kiangazi, viluwiluwi wakiwa wameshaota miguu na kuondoka. Kwenye madimbwi ya msimu msipande perege wala kambale. Kutokuwapo kwa samaki ndiko kulikowaleta vyura hapo, na samaki wenyewe watakufa maji yakikauka. Tawi linaloinamia maji liacheni, hata kama mti wenyewe hauna mbao wala tunda.

Kuna swali ambalo huulizwa kila nikisema haya, nalo ni faida. Chura analeta shilingi ngapi? Anakula wadudu, huo ni ukweli, na viluwiluwi hula mwani, na kuna ndege na nyoka wanaowategemea. Ila sitaki kumsimamisha Hyperolius ruvuensis mnadani. Kuna kiumbe ambaye katika dunia nzima amejulikana katika msitu mmoja tu, na msitu huo unafikiwa kwa miguu kutoka hapa. Watu wa Paris wanatembeza wageni kuwaonyesha mnara wa chuma uliojengwa juzi juzi, mwaka 1889.

Walimu wa sayansi waliomo humu wana nafasi ambayo mtafiti wa mjini hana: wapo hapa mvua ya kwanza inaponyesha, wakati yeye bado anaandika maombi ya fedha. Vuli hii wapeni wanafunzi daftari moja la dimbwi. Waende mchana, wakiwa na mtu mzima, wasiguse povu wala kuvunja kijiti. Kila kiota wanachokiona wakiandikie tarehe, jina la mti au jani kwa Kizaramo au Kiswahili, na kimo chake kutoka kwenye maji kwa kamba yenye alama. Warudi kila siku kwa wiki nzima. Siku povu litakapolainika chini, waandike kama pale chini palikuwa na maji, tope au ardhi kavu, na kama ukingo wa dimbwi hilo ulifyekwa tangu walipoandika mara ya mwisho.